Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sheria: mpokeeni mtuhumiwa kabla umati haujamhukumu

Kwa mawaziri wa mambo ya ndani na wa sheria, wakuu wa polisi, waendesha mashtaka, majaji na wabunge, katika kila nchi ambamo mtu anaweza kuuawa barabarani kabla hajaulizwa jina lake.

Waheshimiwa,

Kila mara mtu anapopigwa hadi kufa kwa tuhuma za wizi, tunawasikia mkitoa kauli ile ile, kwamba wananchi waache kujichukulia sheria mkononi. Kauli hiyo ni sahihi na sina nia ya kuipinga. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba imerudiwa miaka nenda miaka rudi huku mauaji yakiendelea, kwa kuwa inauhutubia umati ambao umekwisha kuua, na haisemi lolote kuhusu yale ambayo ofisi zenu zilipaswa kuyafanya saa moja au mbili kabla mtu huyo hajakata roho. Ni saa hizo ninazoomba mziangalie. Baina ya raia aliyemshika mtuhumiwa na askari anayepaswa kumpokea kuna muda unaopita, na mauaji mengi ya namna hii hutendeka ndani ya muda huo. Urefu wake na usalama wake ni mambo yaliyo katika mamlaka yenu.

Nianze na jambo ambalo hotuba zenu hulipita kimya. Sheria zenyewe zimempa raia sehemu ya kazi ya ulinzi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Ujerumani, katika kifungu cha 127, inamruhusu mtu yeyote kumzuia aliyefumaniwa akitenda kosa ikiwa anaelekea kutoroka au utambulisho wake hauwezi kujulikana papo hapo. Ya Ufaransa, katika kifungu cha 73, inamruhusu mtu yeyote kumkamata aliyefumaniwa katika kosa linaloadhibiwa kwa kifungo na kumfikisha kwa afisa wa upelelezi aliye karibu. Kenya inayo ruhusa hiyo katika kifungu cha 34 cha sheria yake, na kifungu kinachofuata kinaamuru mtuhumiwa akabidhiwe kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. India, katika sheria yake mpya iliyoanza kutumika Julai 2024, imekwenda mbele zaidi na kutaja muda, kwamba makabidhiano yafanyike ndani ya saa 6 tangu kukamatwa. Kwa hiyo mwananchi anayepiga mayowe ya mwizi na kumshika mtu aliyemfumania hajavunja sheria. Amefanya kazi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa wajibu wake kabisa. Sheria ya Winchester iliyotungwa Uingereza mwaka 1285 iliwataka wakazi wote waitikie mayowe na kumfuatia mhalifu kutoka eneo moja hadi jingine, na wasiofanya hivyo waliwajibishwa. London haikuwa na jeshi la polisi la mji mzima kama tulijualo leo hadi mwaka 1829, pale waziri wa mambo ya ndani Robert Peel alipolianzisha.

Dola ilipojitwalia kazi hiyo ilikuwa imeahidi jambo. Ilituambia tuweke chini marungu, kwa kuwa kuna askari watakaofika, mpelelezi atakayechunguza, na hakimu atakayesikiliza pande zote mbili. Tulikubali, na nadhani ni miongoni mwa mapatano bora ambayo binadamu wamewahi kufikia. Lakini mapatano hayo yanavunjwa kila siku mahali ambapo simu ya polisi hupigwa bila kupokelewa, au hupokelewa na sauti inayosema kwamba hakuna gari, au gari lipo na halina mafuta. Mtu ameshikwa, watu wanaongezeka, kila anayefika anakuja na kisa chake cha kuibiwa ambacho hakikupata ufumbuzi, na hakuna aliye na mamlaka ya kusema neno likasikilizwa. Baada ya nusu saa aliyemshika mtuhumiwa kwa nia njema hana tena uwezo wa kumwokoa hata akitaka. Mara nyingi ni yeye wa kwanza kuogopa, maana anajua kwamba akimtetea ataambiwa ni mwenzake.

Ucheleweshaji huo unajulikana, na sitauzungumzia kwa urefu. Kuna sehemu nyingine mbili za makabidhiano ambazo hazitajwi sana.

Ya kwanza ni usalama wa mahali anapopokelewa. Tarehe 29 Agosti 2018, katika mji wa Acatlán de Osorio, jimbo la Puebla nchini Mexico, watu wawili waliokuwa wameshikiliwa na polisi kwa kosa dogo la kuvuruga utulivu walitolewa kwa nguvu kituoni na umati uliokuwa umepata uvumi kwa simu kwamba wao ni wateka watoto. Walichomwa moto mbele ya umati. Hawakuwa wateka watoto. Watu hao walikuwa tayari mikononi mwa dola, na bado wakafa. Naomba kila mkuu wa polisi anayesoma barua hii ajiulize kama vituo vyake vina mpango ulioandikwa wa siku ambayo watu mia tatu watasimama langoni wakidai wapewe mtu. Je, kuna mlango wa nyuma, kituo cha pili cha kumhamishia, afisa mwenye jukumu la kutoka nje kuzungumza, na namba ya kuomba msaada ambayo hupokelewa usiku? Askari wanne wenye bunduki moja na hofu hawawezi kuubuni mpango huo wakati mawe yameanza kurushwa.

Sehemu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, nayo huanza baada ya umati kutawanyika na mtuhumiwa kufika salama kituoni. Siku tatu baadaye anaonekana mtaani. Aliyeibiwa anamwona akipita mbele ya mlango wake, na hakuna aliyemweleza lolote. Pengine mtuhumiwa amepewa dhamana, jambo ambalo ni haki yake, kwa kuwa Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 11, linamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo katika kesi ya wazi. Pengine ushahidi haukutosha na mwendesha mashtaka akafanya uamuzi sahihi wa kutomfungulia kesi. Pengine shahidi muhimu hakuitwa. Na pengine ni kweli kwamba mtu alipewa hongo. Mlalamikaji hana namna ya kuyatofautisha mambo hayo manne, kwa sababu yote yanamfikia kwa sura moja: nilimpeleka, wamemwachia. Kwa kuwa hongo ndiyo maelezo anayoyafahamu, anaichukua hiyo, anaisimulia kwa majirani, na mtuhumiwa wa pili atakapokamatwa mtaa mzima utakuwa umekwisha kuamua kwamba kumpeleka polisi ni kupoteza muda.

Kwa hiyo naamini, waheshimiwa, kwamba dhamana isiyoelezwa imewaua watu wengi ambao dhamana ilikusudiwa kuwalinda. Sisemi mumnyime mtuhumiwa dhamana. Wanasiasa wengine hukimbilia hapo, hupiga meza na kuahidi kwamba hakuna mwizi atakayetoka, na kwa kufanya hivyo huyajaza magereza watu ambao hawajahukumiwa bila kumpunguzia mlalamikaji uchungu hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba mtu aliyemkabidhi mtuhumiwa apewe karatasi yenye namba ya jalada na jina la mpelelezi, aambiwe kwa lugha anayoielewa dhamana ni nini na masharti yake ni yapi, na aarifiwe kabla mtuhumiwa hajatoka. Kesi ikifutwa, aandikiwe sababu. Ikiahirishwa kwa mara ya tano kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika, hakimu amwulize mpelelezi mbele ya mlalamikaji ni hatua gani iliyobaki na itakamilika lini. Mambo haya hayahitaji mkopo kutoka nje wala teknolojia mpya. Yanahitaji afisa mmoja katika kila kituo ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na anayepimwa kwayo.

Afrika Kusini imewahi kufanya jambo ambalo serikali nyingi huliogopa. Mwaka 2012, baada ya asasi za kiraia kulalamika kwamba polisi wa Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha Cape Town, wameshindwa kazi na kwamba watu wanauawa na umati, serikali ya jimbo la Western Cape iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji mstaafu Kate O'Regan pamoja na mwanasheria Vusi Pikoli. Waziri wa polisi wa taifa alikwenda mahakamani kuizuia, na Oktoba 2013 Mahakama ya Katiba ikamkatalia. Ripoti ya Agosti 2014 ilieleza kwamba utendaji wa polisi katika eneo hilo ulikuwa na kasoro kubwa, kwamba wapelelezi walizidiwa na majalada, na kwamba uhusiano kati yao na wakazi ulikuwa umevunjika. Tume haikuishia kuwalaani wakazi kwa ukatili wala kuwalaani askari kwa uvivu. Ilihesabu watu na vitendea kazi, na ikaonyesha kwamba mgawanyo wa polisi uliyapunja maeneo maskini yenye uhalifu mwingi. Desemba 2018 Mahakama ya Usawa, inayosikiliza kesi za ubaguzi, ikaamua kwamba mgawanyo wa askari katika jimbo hilo uliwabagua watu weusi na maskini. Naomba kila nchi ifanye hesabu kama hiyo na kuiweka wazi: ni askari wangapi kwa wakazi wangapi, mtaa kwa mtaa, wenye nacho na wasio nacho. Mtakuta, sina shaka, kwamba mitaa inayochoma watu moto ni ile ile ambayo gari la doria huonekana kwa nadra.

Naandika haya nikijua kwamba yatasomwa na wengine kama utetezi wa umati. Siutetei. Umati hauna njia ya kujua ukweli, na ushahidi wa hilo umetapakaa duniani. Oktoba 2012 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Port Harcourt nchini Nigeria waliuawa katika kijiji cha Aluu baada ya kutuhumiwa wizi, walitembezwa uchi, wakapigwa na kuchomwa huku wengine wakichukua video. Machi 2015, jijini Kabul, mwanamke mwenye umri wa miaka 27 aliuawa barabarani kwa tuhuma ya uongo ya kuchoma Kurani, na polisi walikuwapo. Mei 2017, katika mji mdogo wa Denkyira-Obuasi nchini Ghana, afisa wa jeshi aliyekuwa akifanya mazoezi ya kukimbia alionekana akiwa na bastola, akadhaniwa ni jambazi, na akauawa na wenyeji wa eneo alilokuwa amepelekwa kikazi. Hata pale ambapo aliyekamatwa ni mwizi kweli, hakuna mahakama ninayoijua ambayo ingemwua mtu kwa kuiba simu.

Tena umati mara nyingi haukusanyiki kwa ajili ya kosa linalotajwa. Ida B. Wells, mwandishi wa habari wa Kimarekani, alianza mwaka 1892 kuchunguza mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na umati, baada ya rafiki zake watatu kuuawa huko Memphis, na akagundua kwamba tuhuma za ubakaji zilizotangazwa mara nyingi hazikuwa za kweli. Rafiki zake walikuwa na duka lililoshindana na la mzungu. Kumbukumbu za Chuo cha Tuskegee, chuo cha watu weusi katika jimbo la Alabama, zilihesabu watu 4,743 waliouawa kwa namna hiyo Marekani kati ya 1882 na 1968. Anayeuawa kwa mayowe ya mwizi anaweza kuwa mdai, mpangaji asiyetakiwa, mgeni asiyejua lugha ya mahali hapo, au mgonjwa wa akili aliyeshindwa kujieleza, na umati hauna muda wa kuuliza ni nani aliyepiga yowe la kwanza na kwa nini. Mahakama inao.

Ndiyo maana ruhusa ya raia kukamata, ambayo naiunga mkono, lazima iandikwe kwa maneno yasiyoacha mwanya. Jimbo la Georgia nchini Marekani lilikuwa na sheria ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa utumwa, iliyomruhusu raia kumkamata mtu kwa kumshuku tu ikiwa kosa ni kubwa na mtuhumiwa anatoroka. Februari 2020 kijana mweusi aliyekuwa akikimbia katika mtaa mmoja alifukuzwa kwa magari na wazungu watatu, mmoja wao akampiga risasi, nao wakajitetea kwamba walitaka kumkamata kwa kuwa walimdhania mwizi wa majumbani. Zaidi ya miezi miwili ilipita bila yeyote kukamatwa, hadi video ilipoenea. Wote watatu walitiwa hatiani kwa mauaji Novemba 2021. Sheria yenyewe ilifutwa Mei mwaka huo, na mahali pake ikawekwa nyingine finyu, inayowaruhusu watu wachache kama wenye maduka kumshikilia mtuhumiwa, ikikataza nguvu ya kuua kwa ajili ya kumzuia tu, na kuamuru aachiwe ikiwa polisi hawajafika ndani ya saa moja. Kifungu hicho cha saa moja kimenivutia sana. Kinampa raia kikomo, na wakati huo huo kinawapa polisi kipimo ambacho hawawezi kukikwepa.

Wabunge, naomba mtunge kifungu cha namna hiyo, kwa lugha ambayo mlinzi wa usiku anaweza kuisoma na kuielewa. Kiseme kwamba raia anaweza kumshika aliyemfumania akitenda kosa, au anayefukuzwa mara tu baada ya kulitenda. Kiseme kwamba kushuku peke yake hakutoshi. Nguvu inayoruhusiwa iwe ile ya kumzuia asikimbie, na kumpiga aliyekwisha kushikwa liwe kosa linalojitegemea, hata kama hakufa. Kisha kitaje muda, na kitaje wajibu wa polisi kufika.

Nizungumzie pia vikundi vya ulinzi, kwa sababu serikali zilizoelemewa hupenda kuviona kama nafuu isiyo na gharama. Historia yake ina pande mbili. Katika milima ya Cajamarca nchini Peru, wakulima walichoka na wezi wa mifugo na mwishoni mwa mwaka 1976 wakaanzisha doria za zamu ya usiku. Doria hizo zilienea, zikatambuliwa katika Katiba ya 1993 na zikapata sheria yake mwaka 2003. Nguvu yake ilitokana na kwamba kila mkazi alishika zamu na viongozi waliwajibika mbele ya mkutano wa kijiji, ambako walioadhibu kupita kiasi waliweza kushtakiwa hadharani. Hata hivyo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ililazimika mwaka 2009 kuweka wazi kwamba mamlaka yao yanaishia pale haki za msingi za binadamu zinapoanza. Sungusungu ya Tanzania nayo ilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi kukabili wizi wa ng'ombe na ujambazi, ikapendwa sana na ikapewa nguvu za kisheria mwaka 1989. Lakini baadhi ya makundi yake yalianza pia kuwaadhibu watu waliotuhumiwa uchawi, tuhuma ambayo haiwezekani kuikanusha kwa sababu haiwezekani kuithibitisha.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Cape Town, Agosti 1996, kundi la Pagad lililojitangaza kupambana na dawa za kulevya lilimwua kiongozi wa genge hadharani mbele ya kamera, na miaka iliyofuata wafuasi wake wakahusishwa na milipuko ya mabomu mjini humo. Michoacán nchini Mexico, raia walishika silaha Februari 2013 dhidi ya genge lililokuwa likiwatoza na kuwaua, na walikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Mwaka uliofuata serikali ikawavisha sare na kuwaita polisi wa vijijini, na haikuchukua muda baadhi ya makundi hayo yakaingiliwa na wahalifu wale wale.

Tofauti ninayoiona kati ya pande hizi mbili haiko katika ushujaa wala nia ya waanzilishi. Doria isiyobeba silaha ya kuua, ambayo wanachama wake wanajulikana kwa majina, isiyokusanya ada kwa nguvu, isiyo na chumba cha kumfungia mtu, na inayomkabidhi kila inayemkamata, inaweza kudumu miaka bila kugeuka genge. Siku inapoanza kutoa hukumu na faini imekwisha kuwa mahakama isiyo na rufaa. Serikali ikitaka msaada wa raia katika ulinzi, iwafundishe kukamata na kukabidhi, iwape redio za mawasiliano na tochi, iwakague, na isiwaachie kamwe kazi ya kuadhibu kwa sababu tu hakimu yuko mbali.

Sasa nije kwa waendesha mashtaka, kwa maana kuna uongo mmoja unaowatia watu ujasiri wa kuua, kwamba umati haushtakiwi. Taarifa ya polisi husema marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira, kana kwamba hasira ndiyo iliyookota jiwe. Jalada linafungwa. Lakini mkono uliomwaga mafuta ulikuwa wa mtu mmoja mwenye jina, na siku hizi mara nyingi yumo kwenye video aliyoichukua jirani yake. Pale ambapo kulikuwa na nia, mashtaka yaliwezekana. Mwaka 2017 mahakama nchini Nigeria iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya Aluu, mmoja wao akiwa sajenti wa polisi. Januari 2024 mahakama ya Ghana iliwahukumu watu 12 kifungo cha maisha kwa kumwua yule afisa wa jeshi, akiwamo mwakilishi wa eneo lile katika baraza la wilaya. Adhabu ya kifo iliyotolewa Nigeria siiungi mkono, lakini kutajwa kwa majina ya waliotenda kulikuwa na maana kubwa kuliko matamko yote.

Mahakama ya Juu ya India, katika hukumu yake ya tarehe 17 Julai 2018, ilikwenda mbali zaidi ya kesi iliyokuwa mbele yake. Iliagiza kila jimbo liteue katika kila wilaya afisa mwandamizi wa polisi mwenye jukumu la kuzuia mauaji ya umati, kesi zake zisikilizwe haraka na kwa kadiri inavyowezekana zimalizike ndani ya miezi 6, na maafisa wanaozembea wachukuliwe hatua. Marekani ilihitaji zaidi ya karne moja, tangu muswada wa kwanza wa mwaka 1900 hadi Machi 2022, kupitisha sheria ya taifa dhidi ya mauaji ya namna hiyo, na kila mwaka wa kuchelewa ulikuwa na majina yake ya waliokufa. Msisubiri hivyo. Na askari aliyesimama akitazama, akiwa na uwezo wa kuingilia asiingilie, ashtakiwe kama mtumishi wa umma aliyeshindwa wajibu. Kuhamishiwa kituo kingine hakumwajibishi kwa lolote.

Kuhusu uvumi wa simu nitasema machache. Mwaka 2018 uvumi wa wateka watoto uliua watu wengi nchini India, na kampuni ya WhatsApp ikalazimika kupunguza idadi ya watu au makundi ambayo ujumbe unaweza kupelekwa kwa mara moja hadi 5. Hatua hiyo ilikuwa na manufaa, ila uvumi hushindwa kabisa pale tu ambapo polisi wa eneo wana sauti inayoaminika na wanaitumia ndani ya saa ile ile. Kukata intaneti, kama serikali nyingine zinavyofanya, kunaiondoa sauti hiyo pia. Na wale wanaowanasa watuhumiwa wa makosa ya kingono mtandaoni na kuwaanika mbele ya kamera, hata katika nchi ambazo mahakama zimekubali ushahidi wao, kama Uingereza ilivyofanya mwaka 2020, wapewe sharti lile lile: wakabidhi walichonacho kwa polisi kabla ya kumwonyesha mtu yeyote sura ya mtuhumiwa, maana sura ikishaenea hakuna hukumu ya kuachiwa huru inayoweza kuirudisha.

Maombi yangu, basi, yanahusu makabidhiano kuanzia mwanzo hadi mwisho: sheria inayosema wazi nani anaweza kukamata na kwa muda gani, simu inayopokelewa, kituo kinachoweza kumlinda aliyemo, mlalamikaji anayepewa majibu kwa maandishi, na muuaji anayeshtakiwa kwa jina lake. Nawaomba pia mchapishe kila mwaka, wilaya kwa wilaya, idadi ya waliouawa na umati, idadi ya waliookolewa na polisi wakiwa hai, muda uliopita tangu simu ya kwanza hadi askari walipofika, na idadi ya kesi zilizofunguliwa dhidi ya waliopiga. Takwimu za waliookolewa nazitaka kwa namna ya pekee, kwa kuwa wapo askari wanaojitia katikati ya mawe kumtoa mtu wasiyemjua, nao hawatajwi popote. Wizara ambayo haina takwimu hizo ianze kuzikusanya mwaka huu, na ripoti ya kwanza iwekwe mezani pa bunge kabla bajeti ya polisi ya mwaka unaofuata haijajadiliwa.

Wenu katika wajibu wa uraia,

Mwananchi